Mbwa akinywa maji kupita kiasi, usiseme ni joto

Kaskazi ya mwaka juzi, jua likiwa limewaka kweli kweli, mbwa wetu wa shambani kule upande wa Takaungu alianza kunywa maji kama ng'ombe. Beseni lililokuwa likimtosha siku mbili sasa lilikauka kabla ya adhuhuri. Mzee anayetuangalizia shamba akanipigia simu kunieleza. Nami nikamjibu bila kufikiri: "Mzee wangu, hilo ni joto tu. Hata sisi huku mjini tunakunywa." Nikakata simu, nikaendelea na shughuli zangu.

Halikuwa joto. Figo za Bosko zilikuwa zinaharibika, na aliyekuwa akiziharibu si sumu ya jirani wala kijicho cha mtu. Ilikuwa ni kinga ya mwili wake mwenyewe. Nilipokuja kulijua hilo, miezi mitano ilikuwa imepita na mambo yalikuwa yameshaharibika.

Mimi si daktari wa mifugo. Haya ninayoyaandika nilifunzwa na daktari aliyemtibu Bosko, na mengine niliyasoma baadaye kwa uchungu wa kujilaumu. Nayaandika kwa sababu pwani yetu ina mbwa wengi wa kulinda mashamba, mabanda ya mbuzi na nyumba, na wengi wao hufa kifo hiki huku wenyewe tukisema "amezeeka" au "amelishwa kitu".

Najua wako watakaosoma kichwa cha makala haya na kuguna: mbwa tena? Ndugu msomaji, mbwa wa kulinda, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa, na wanaofuata madhehebu ya Shafi wanajua namna ya kujitoharisha akiwalamba: mara saba, moja yao kwa mchanga. Na sote tulisimuliwa chuoni habari ya aliyesamehewa madhambi yake kwa kumteremkia mbwa mwenye kiu kisimani na kumtekea maji kwa kiatu. Mnyama anayekulinda usiku ana haki juu yako mchana. Tuendelee.

Kifumbu kilichochanika

Kila mama wa pwani anajua kazi ya kifumbu. Unakuna nazi, unatia maji, unakamua ndani ya kifumbu. Tui linapita, chicha inabaki. Figo hufanya kazi kama hiyo. Ndani ya kila figo moja ya mbwa mna vichujio vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, wapata 400,000. Kila kimoja ni kifundo cha mishipa membamba ya damu. Damu inapita humo, maji na taka za mwili zinachujwa kuwa mkojo, na vitu vya thamani, hasa protini, vinarudishwa katika damu.

Sasa, mwili ukiingiliwa na kijidudu, hutengeneza kingamwili. Kingamwili humkamata yule mgeni na kushikamana naye, wakawa fungu moja, kisha seli nyingine huja kulisafisha fungu hilo. Maradhi yakiwa ya siku chache, kazi hii huisha salama. Lakini kijidudu kikikaa mwilini miezi au miaka, mafungu haya huzidi uwezo wa kusafishwa. Huzunguka katika damu mpaka yafike kwenye vile vichujio vya figo, na huko yanakwama. Mengine hujiunda papo hapo ndani ya kichujio chenyewe.

Kukwama peke yake si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba mwili ukiyaona mafungu yale yamekaa pale, huleta jeshi lake lote kuyashambulia, na kichujio kinaumia katikati ya vita visivyokihusu. Kinavimba, kinachanika, mwishowe kinakuwa kovu. Kifumbu kimetoboka: protini iliyotakiwa kubaki inavuja pamoja na mkojo. Madaktari huyaita maradhi haya glomerulonefritisi, lakini ukishika hiyo habari ya kifumbu umeshaelewa.

Wala si ya mbwa peke yake. Binadamu hupata ya namna hii, kwa mfano wenye maradhi ya lupasi. Na katika miaka ya 1960 madaktari wa Uganda na Nigeria, akiwemo Kibukamusoke wa Uganda, walionyesha jinsi aina moja ya malaria inavyoweza kuharibu figo za watoto kwa njia iyo hiyo: si kijidudu kinachotafuna figo, bali ni mafungu ya kingamwili yanayokwama humo.

Kupe wa banda

Daktari alipomlaza Bosko kwenye meza, kabla hata ya kumgusa tumbo, aliinua sikio lake. Ndani mlikuwa na kupe, wengine wamenona kama mbegu za mbarika. Akaniuliza, "Hawa wamekaa hapa tangu lini?" Nikasema kwa kweli mbwa huyu hajawahi kukosa kupe. Akatikisa kichwa.

Kupe wa kahawia wa mbwa ndiye anayeeneza kijidudu kiitwacho Ehrlichia canis. Kijidudu hiki kiligunduliwa mwaka 1935 kule Algeria. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kiliua mamia ya mbwa wa jeshi la Marekani katika vita vya Vietnam. Na kwetu Kenya kinajulikana tangu miaka hiyo hiyo, hata katika vitabu vya udaktari wa wanyama maradhi yake yalipata kuitwa kwa jina la Nairobi, kwa sababu mbwa walikuwa wakitokwa damu puani.

Ujanja wa maradhi haya ni kwamba yana vipindi vitatu. Cha kwanza huanza baada ya wiki moja hadi tatu tangu kuumwa na kupe: mbwa ana homa, hataki kula, amelegea. Aghalabu baada ya wiki chache anainuka mwenyewe, na mwenye mbwa anashukuru. Kumbe ameingia kipindi cha pili, ambacho kijidudu kimejificha mwilini na mbwa anaonekana mzima. Kipindi hiki huweza kuchukua miezi au hata miaka. Muda wote huo kingamwili zinatengenezwa, mafungu yanaundwa, na figo zinapokea. Kipindi cha tatu ndicho cha kutokwa damu, kukonda na figo kushindwa.

Nilipofikiri nyuma nikakumbuka: karibu miaka miwili kabla, Bosko alikuwa amelala siku nne bila kula. Siku ya tano akaamka, akamfukuza ngedere. Tukasahau.

Kupe siye sababu ya pekee. Minyoo ya moyo inayoenezwa na mbu huweza kuleta madhara hayo hayo ya figo. Vivyo hivyo usaha katika mji wa mbwa jike asiyefungwa uzazi, na uambukizo wowote wa muda mrefu usiotibiwa. Kule Uhispania, Italia na Ugiriki, sababu kubwa ni leshimania, inayoenezwa na usubi. Na wako mbwa ambao chanzo hakionekani kabisa. Lakini kwa joto letu la pwani, ambako kupe wanazaliana mwaka mzima bila kupumzika, ukiniuliza uanze wapi kutafuta nitakwambia: inua sikio la mbwa wako.

Dalili tusizozisoma

Daktari alinipa orodha, na kila alilolitaja nilikuwa nimelisikia kwenye simu nikalipuuza.

Mbwa anakunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara. Anakonda mgongoni na mapajani ingawa anakula. Manyoya yanafifia. Baadaye tumbo linajaa maji na miguu inavimba, kwa sababu protini ya damu ndiyo inayoyazuia maji yasitoke kwenye mishipa, na sasa imepungua. Sisi tulipoona tumbo limejaa tulisema ni minyoo, tukampa dawa ya minyoo. Wengine hupofuka ghafla, maana figo zikiugua presha ya damu hupanda na kuharibu macho. Wengine huanguka na kufa kwa kukosa pumzi: pamoja na protini nyingine, mwili hupoteza ile inayozuia damu isigande ovyo, na bonge la damu likaziba mapafuni. Ndiyo maana kijijini husemwa "mbwa alikuwa mzima asubuhi, jioni amekufa, bila shaka amelishwa sumu". Kabla hujamgombeza jirani, fikiri tena.

Mwisho kabisa huja kutapika, kukataa chakula na harufu mbaya mdomoni. Wengi wetu tunaamka hapo, na hapo ni usiku wa manane.

Mkojo husema kabla ya damu

Ukilisahau jambo jingine lolote katika makala haya, hili usilisahau. Kipimo cha damu tunachokitegemea kwa figo, yaani kreatinini, huwa hakipandi mpaka takriban robo tatu ya uwezo wa figo iwe imekwisha. Mbwa anaweza kupimwa damu leo ikawa sawa, na huku nusu ya vichujio vyake vimeshakuwa makovu.

Lakini mkojo husema mapema. Protini huanza kuvuja tangu kichujio kinapochanika, muda mrefu kabla ya damu kuharibika. Kwanza daktari huchovya kijiti chenye karatasi ya rangi. Kikionyesha protini, hupima uwiano wa protini na kreatinini katika mkojo huo. Chini ya 0.2 mbwa ni salama. Kati ya 0.2 na 0.5 ni wa kuangaliwa. Ikipita 0.5, na vipimo vikirudiwa kwa wiki kadhaa vikabaki hivyo, na hakuna uambukizo wa kibofu wala damu kwenye mkojo, basi figo zinavuja. Ikipita 2, shaka kubwa huelekea kwenye vichujio vyenyewe. Cha Bosko kilikuwa 7.

Watu huniuliza, mkojo wa mbwa utauchota vipi? Mzee wa shamba ndiye aliyenifunza. Tulichukua upawa mbovu ambao ungetupwa, tukaufunga kwenye fito, tukavaa mifuko ya nailoni mikononi, na alfajiri mbwa alipoinua mguu tukaukinga. Tukautia kwenye chupa ndogo safi kutoka duka la dawa, tukaupeleka kabla haujapita muda mrefu. Kazi ya dakika kumi. Kipimo chenyewe nilikilipia pesa kidogo kuliko zile nilizokuwa nimezimaliza kwa dawa za kubahatisha.

Makosa yangu matatu

Nayataja ili asije mwingine akayarudia.

La kwanza ni vidonge vya maumivu. Bosko alipoanza kutembea kwa shida nilimpelekea diklofenaki, zile zile tunazozimeza sisi tukiumwa na mgongo. Dawa hizi, pamoja na ibuprofeni, hupunguza damu inayofika kwenye figo za mbwa na kuchubua tumbo lake. Kwa figo zilizokwisha kuugua, ni kama kummwagia maji ya moto aliyeungua.

La pili ni sindano. Mtu mmoja wa duka la dawa za mifugo, ambaye si daktari, aliniuzia sindano "ya kumpa nguvu". Kweli siku mbili Bosko alichangamka. Baadaye daktari aliposoma jina kwenye kichupa akaniambia ni steroidi. Steroidi ina mahali pake mikononi mwa anayejua, lakini kwa mbwa inaweza kuzidisha protini inayovuja na kuwapa nafasi vijidudu vilivyojificha. Unaweza kudhani kwamba, kwa vile kinga ndiyo inayoharibu, dawa yoyote ya kushusha kinga itafaa. Sivyo. Vinyama vya figo vilivyochukuliwa kwa mbwa wenye kuvuja protini na kuchunguzwa kwa hadubini za kisasa vimeonyesha kwamba ni karibu nusu tu ya mbwa hao wenye mafungu ya kingamwili. Waliobaki wana sababu nyingine, na kushusha kinga kungewaumiza bure.

La tatu ndilo kubwa: kusubiri. Tangu ile simu ya kwanza ya maji mpaka siku niliyompeleka kwa daktari ilipita miezi mitano.

Matibabu yapo

Maradhi haya si hukumu ya kifo siku hiyo hiyo. Mwaka 2013 wataalamu wa figo za wanyama kutoka nchi mbalimbali walitoa mwongozo wa namna ya kuyatibu, na mengi yaliyomo yanawezekana hata hapa kwetu.

Kwanza hutibiwa chanzo. Kama ni ile Ehrlichia, dawa ni doksisaiklini kwa siku 28, apewe pamoja na chakula, na asikatizwe hata akionekana amepona siku ya tano. Kijidudu kikiondoka mapema, figo nazo huweza kupata nafuu.

Pili hupunguzwa ile protini inayovuja, kwa dawa kama benazeprili au telmisatani. Hizi wenye presha na kisukari miongoni mwetu wanazijua. Hushusha msukumo wa damu ndani ya kichujio, basi hata kama kimetoboka, kinavuja kidogo. Kipimo cha dawa ni cha daktari; usimgawie mbwa vidonge vya bibi. Daktari huweza kuongeza dawa ya kuzuia damu kuganda na ya presha.

Tatu ni chakula. Protini kiasi, tena nzuri, na chumvi kidogo. Sisi wa pwani tunawatupia mbwa vichwa vya ng'onda na mabaki ya papa mkavu. Chumvi ile ni mzigo mzito kwa figo. Mafuta ya samaki husaidia. Na maji wasinyimwe kamwe. Wako wanaoficha beseni ili mbwa asikojoe ovyo. Huko ni kumuua kwa kiu, maana hanywi kwa uroho. Figo zake haziwezi tena kuyazuia maji.

Dawa za kushusha kinga zenyewe, kama maikofenoleti, huja mwisho, kwa mbwa ambaye vipimo vimethibitisha au ambaye hali inazorota haraka na chanzo kimeshatibiwa. Kukata kinyama cha figo na kukichunguza ni kazi ya hospitali kubwa, wala si kila mbwa wa kulinda shamba atafika huko. Lakini kijiti cha mkojo, doksisaiklini na dawa ya kuogeshea kupe haviko mbali.

Kinga iko ukutani

Jambo lililonishangaza ni kwamba kupe wengi hawako juu ya mbwa. Wako bandani. Jike akishanona hujiangusha, akapanda ukutani, akaingia kwenye ufa na kutaga mayai kwa maelfu. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zina nyufa kila mahali, na makuti juu. Ukimwogesha mbwa ukaliacha banda, wiki mbili baadaye umerudi pale pale.

Sisi sasa tumeziba nyufa, tumepaka chokaa, tumeondoa magunia ya zamani aliyokuwa akilalia, na tunapuliza dawa bandani. Mbwa naye anaogeshwa kwa dawa iliyopimwa kama ilivyoandikwa, na ziko za matone ya shingoni au vidonge zinazodumu wiki nne au zaidi. Usingoje uone kupe wamenona, maana kijidudu huweza kuingia ndani ya saa chache tangu kupe aume.

Na wanapokuja wale wa kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo nchi yetu imejiwekea lengo la kuutokomeza ifikapo 2030, mpeleke mbwa wako. Chanjo ile haizuii maradhi ya figo, lakini hiyo ndiyo siku ambayo mtaalamu yuko mbele yako bila wewe kumfuata. Muonyeshe masikio ya mbwa. Muulize habari ya mkojo.

Bosko aliishi miezi tisa baada ya kuanza dawa. Tumbo lilipungua, akarudi kulala mlangoni mwa banda la mbuzi kama desturi yake, na kile kipimo cha 7 kikashuka hadi 3. Daktari alikuwa amenieleza tangu mwanzo kwamba makovu hayarudi kuwa figo. Alikufa wakati kusi limeanza kuvuma, na mzee wa shamba akamfukia chini ya mwembe bila kuambiwa na mtu.

Sasa tuna mbwa mwingine, jike, mwaka na nusu. Kila baada ya miezi sita mzee huufunga ule upawa kwenye fito. Juzi alinipigia simu, akaniambia, "Huyu naye leo amekunywa maji sana." Nikamwambia, "Mzee wangu, chukua chupa. Mimi niko njiani."